Muhogo Katika Chakula cha Mifugo: Thamani Iliyomo Kwenye Mzizi, Jani na Ganda

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mfugaji wa kuku anapokwenda dukani kununua chakula cha mifugo yake, bei anayoikuta hutegemea kwa kiasi kikubwa zao moja, nalo ni mahindi. Mahindi hayo hayo ndiyo yanayosagwa kuwa unga wa ugali katika kaya nyingi nchini. Mvua zinapokuwa haba na bei ya gunia ikapanda, mama anayepika na mfugaji anayelisha kuku hujikuta wakigombea gunia moja. Hali hiyo ndiyo inayozifanya taasisi za utafiti na maafisa ugani kuutazama upya muhogo, zao linalostahimili ukame na kukubali udongo usio na rutuba nyingi, kama sehemu ya chakula cha mifugo.

Suala hili lina uzito wake. Kwa mujibu wa takwimu za Wizara ya Mifugo na Uvuvi, Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 36, mbali ya mbuzi, kondoo, nguruwe na kuku. Ukame ulioikumba mikoa ya kaskazini mwishoni mwa mwaka 2021 na mwanzoni mwa mwaka 2022 uliua maelfu ya mifugo katika wilaya kama Simanjiro na Longido, na ukaonesha jinsi mfugaji asiye na akiba ya chakula anavyoweza kupoteza mali ya miaka mingi katika msimu mmoja. Muhogo peke yake hauwezi kulimaliza tatizo hilo. Hata hivyo, ukitumiwa kwa kujua kilichomo na kisichomo ndani yake, unaweza kupunguza mzigo. Ukitumiwa kwa kubahatisha, unaweza kumtia mfugaji hasara, au hata kumuulia mifugo.

Mmea mmoja, vyakula vitatu

Kosa linalojitokeza mara nyingi ni kuuchukulia muhogo kuwa chakula kimoja. Kwa mtazamo wa lishe ya mifugo, mmea huu una vyakula vitatu vinavyotofautiana sana: mzizi, jani na ganda.

Mzizi ni chakula cha kutia nguvu. Ukikaushwa na kuwa makopa, sehemu yake kubwa ni wanga unaoyeyushwa kwa urahisi tumboni. Kilo moja ya makopa makavu humpatia kuku nishati ya takriban kilokalori 3,000 hadi 3,200, wakati kilo moja ya mahindi hutoa kilokalori zinazokaribia 3,300 au kuzidi kidogo. Kwa upande wa nishati, basi, pengo kati ya mazao haya mawili si kubwa.

Pengo lipo kwenye protini. Mahindi yana protini ya asilimia 8 hadi 9, ilhali makopa yana asilimia 2 hadi 3 tu. Mfugaji anayeondoa mahindi katika mchanganyiko na kuweka makopa kwa uzito ule ule, bila kuongeza chanzo kingine cha protini, huwapa kuku wake tumbo lililoshiba na mwili wenye njaa. Kuku wa nyama hudumaa, na wa mayai hupunguza utagaji. Mfugaji huyo huishia kuulaumu muhogo, wakati kilichokosewa ni hesabu ya mchanganyiko.

Jani lina sifa zinazokamilisha upungufu wa mzizi. Majani makavu ya muhogo huwa na protini inayofikia asilimia 20 hadi 25, ikitegemea aina ya muhogo, umri wa jani na kiasi cha vijiti kilichochanganyika nayo. Protini hiyo ina kiasi kizuri cha lisini, ingawa ina upungufu wa methionini, na zote mbili ni asidi amino zinazohitajika kwa ukuaji. Majani pia yana rangi asilia ambazo mzizi hauna. Kuku wa mayai anayelishwa makopa kwa wingi bila majani hutaga mayai yenye kiini cheupe, jambo linalowafanya wateja wayakatae sokoni. Unga kidogo wa majani ya muhogo hurejesha rangi ya njano. Udhaifu wa jani ni wingi wa nyuzinyuzi, ndiyo maana kuku hawapaswi kupewa zaidi ya asilimia 5 hadi 10 ya mlo wao, tofauti na ng'ombe na mbuzi ambao tumbo lao limeumbwa kuzimudu.

Ganda ni chakula cha tatu. Uzito wake ni kati ya asilimia 10 na 20 ya muhogo mbichi, na katika maeneo mengi ya usindikaji hutupwa likaoza na kutoa harufu, au hulishwa mbuzi likiwa bichi. Kulitupa ni kupoteza mali, na kulilisha bichi ni hatari, kwa kuwa ganda hubeba sumu nyingi kuliko nyama ya muhogo.

Hesabu inayomhusu mfugaji

Wanaoutetea muhogo husema ni wa bei nafuu, na wanaoupinga husema unafuu huo hauonekani. Pande zote mbili zinaweza kuwa sahihi, kwa kuwa jibu hutegemea hesabu ilivyofanywa.

Hatua ya kwanza ni maji. Muhogo mbichi una maji ya asilimia 60 hadi 65, hivyo zinahitajika takriban kilo 2.5 hadi 3 za muhogo mbichi ili kupata kilo moja ya makopa. Bei ya kilo ya muhogo shambani, kwa hiyo, hailinganishwi na bei ya kilo ya mahindi kabla ya kuzidishwa kwa kiasi hicho na kuongezewa gharama za kumenya, kukata na kuanika.

Hatua ya pili ni protini. Chukua bei za mfano: mahindi shilingi 800 kwa kilo, makopa shilingi 700 na mashudu ya soya shilingi 1,800. Kilo 100 za mahindi zitagharimu shilingi 80,000. Ili kupata kilo 100 za mchanganyiko wenye protini inayolingana na ya mahindi, zinahitajika kilo 85 za makopa na kilo 15 za mashudu ya soya. Gharama yake ni shilingi 86,500. Makopa yaliyoonekana kuwa na nafuu ya shilingi 100 kwa kila kilo yameishia kuwa ghali kuliko mahindi, na nishati ya mchanganyiko huo bado ni pungufu kidogo.

Sasa majani yaingizwe katika hesabu hiyo. Kilo 80 za makopa, kilo 10 za unga wa majani ya muhogo na kilo 10 za mashudu ya soya hutoa protini inayokaribia ile ile. Iwapo unga wa majani utapatikana kwa gharama ya shilingi 300 kwa kilo, ambayo kwa sehemu kubwa ni nguvu kazi ya kuchuma na kuanika, mchanganyiko mzima utagharimu shilingi 77,000. Bei hubadilika kwa msimu na mahali, na kila mfugaji hana budi kuweka bei za soko lake mwenyewe. Funzo linabaki kuwa lile lile: anayetumia mzizi peke yake huweza kupata hasara pale ambapo anayetumia mzizi pamoja na jani anapata faida. Jani linalotupwa siku ya kuvuna ndilo mara nyingi linaloamua kama muhogo utalipa.

Sumu na namna ya kuiondoa

Muhogo una kemikali iitwayo linamarini. Jani au mzizi unapokatwa, kupondwa au kutafunwa, kemikali hiyo hukutana na kimeng'enya kilichomo ndani ya mmea wenyewe na kuzalisha sayanaidi, sumu inayouzuia mwili kutumia hewa ya oksijeni. Mihogo michungu huwa na sumu nyingi kuliko mitamu, na ukame huiongeza hata katika aina zinazojulikana kuwa tamu.

Wanyama wanaocheua, yaani ng'ombe, mbuzi na kondoo, wako katika hatari kubwa zaidi kuliko nguruwe, kwa sababu vijidudu vya tumbo lao la kwanza huitoa sumu hiyo kwa haraka. Mnyama aliyedhurika huhema kwa shida, hutetemeka, huanguka na anaweza kufa katika muda mfupi baada ya kula. Tiba ipo, lakini hutolewa na daktari wa mifugo na hufaa tu ikiwahi. Kwa binadamu, madhara ya muhogo mchungu usioandaliwa vizuri yanafahamika nchini: mwaka 1985 watu wa Tarime walikumbwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu, wakati wa ukame uliowafanya wategemee muhogo ambao haukukaushwa kwa muda wa kutosha.

Jambo la kutia moyo ni kwamba sumu hii huondoka kwa njia ambazo kaya yoyote inazimudu. Majani hukatwakatwa vipande vifupi, huachwa yanyauke, kisha huanikwa juani katika tabaka jembamba juu ya turubai kwa siku mbili au tatu huku yakigeuzwa, hadi yavunjike yakishikwa mkononi. Kukata na kuanika kwa namna hiyo huondoa sehemu kubwa ya sayanaidi. Njia nyingine, inayofaa msimu wa mvua, ni sileji: majani au maganda yaliyokatwa hushindiliwa ndani ya mfuko wa plastiki au shimo lisiloingiza hewa na kuachwa kwa wiki tatu au zaidi kabla ya kulishwa. Mizizi humenywa, huoshwa, hukatwa vipande vidogo na kuanikwa juu ya vichanja, si chini kwenye vumbi, hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 14. Makopa yaliyokauka nusu huota kuvu, na kuvu huleta sumu nyingine.

Viwango vya kimataifa vinatoa kipimo cha kulinganisha. Tume ya Codex imeweka ukomo wa miligramu 10 za sayanaidi kwa kilo ya unga wa muhogo wa kuliwa na binadamu, na Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa miligramu 100 kwa kilo ya mazao ya muhogo yanayotumika kama chakula cha mifugo. Mkulima wa kawaida hana maabara ya kupima, hivyo kinga yake ni kufuata hatua zote za maandalizi na kuanza na kiasi kidogo. Ng'ombe asiyezoea apewe kidogo na kuongezewa siku hadi siku, kwa kuwa hata wanga safi wa muhogo ukitolewa ghafla kwa wingi huchachua tumbo.

Mafunzo kutoka Thailand na Nigeria

Nchi mbili zimekwisha kupita njia hii na zina la kufundisha. Katika miaka ya 1970 na 1980 Thailand iliuza Ulaya shehena kubwa za muhogo mkavu uliotumiwa na viwanda vya chakula cha mifugo. Sababu ilikuwa bei: ushuru wa nafaka zilizoingizwa katika Jumuiya ya Ulaya ulikuwa mkubwa, wakati wa muhogo ulikuwa mdogo, hivyo viwanda vilichanganya muhogo na soya badala ya shayiri na ngano. Mwaka 1982 pande hizo mbili zilikubaliana kuweka ukomo wa mauzo, na mageuzi ya sera ya kilimo ya Ulaya ya mwaka 1992 yaliposhusha bei ya nafaka, soko hilo lilipungua. Muhogo huingia katika chakula cha mifugo pale tu bei yake inaposhindana na ya nafaka, na mkulima anayetegemea soko moja la nje hubaki mikononi mwa uamuzi wa wengine. Angalizo hilo linaihusu Tanzania pia, ambayo mwaka 2017 ilitia saini makubaliano ya kuuza muhogo mkavu nchini China.

Nchini humo humo Thailand, watafiti wa Chuo Kikuu cha Khon Kaen walijenga utaratibu wa kuvuna matawi machanga ya muhogo yenye majani, kuyaanika na kuwapa ng'ombe wa maziwa kama hei yenye protini, kwa kiasi cha kilo moja hadi mbili kwa siku. Kwa mfugaji mdogo wa Tanga au Pwani anayenunua mashudu kila mwezi, utaratibu huo unafaa kufikiriwa.

Nigeria, nchi inayoongoza duniani kwa uzalishaji wa muhogo, ilikabiliwa na milima ya maganda katika vituo vya kusindika. Taasisi za kimataifa za utafiti ILRI na IITA, zikifanya kazi mjini Ibadan, zilibuni njia ya kuyaparaza maganda mabichi, kuyakamua maji kwa kikandamizo, kuyachekecha na kuyakausha kwa jua au kwa kuyakaanga. Tani tatu za maganda mabichi hutoa takriban tani moja ya chakula kikavu cha mifugo. Mashine zinazotumika ni zile zile ambazo wasindikaji wa muhogo wanazo.

Hali ilivyo nchini

Tanzania ina misingi ya kujengea. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, inaendesha utafiti wa muhogo katika vituo vyake vikiwemo Kibaha, Ukiriguru na Naliendele, na aina bora kama Kiroba, Chereko na Mkuranga 1 zimekwisha kuwafikia wakulima. Utafiti huo una umuhimu wa pekee kwa sababu ya magonjwa mawili yanayodhoofisha zao hili, batobato na michirizi ya kahawia. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza na watafiti wa kituo cha Amani mkoani Tanga mwaka 1936, na hadi leo huozesha mizizi ardhini huku majani yakionekana kuwa na nafuu.

Kwa upande wa mifugo, Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania (TALIRI) inashughulikia malisho na lishe, na Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo Na. 13 ya mwaka 2010 inaweka msingi wa kusimamia ubora wa vyakula vinavyotengenezwa na kuuzwa. Anayetaka kufanya biashara ya chakula cha mifugo chenye muhogo ana wajibu wa kuzingatia sheria hiyo, na mnunuzi ana haki ya kujua kilichomo ndani ya mfuko anaonunua.

Jiografia nayo inasaidia. Mkoa wa Pwani unaolima muhogo unapakana na Dar es Salaam yenye wafugaji wengi wa kuku, na Kanda ya Ziwa ina mashamba ya muhogo na makundi makubwa ya ng'ombe kwa pamoja. Muhogo mbichi huharibika ndani ya siku mbili au tatu baada ya kung'olewa na hauvumilii safari ndefu, lakini makopa, unga wa majani na maganda makavu husafirishwa na kuhifadhiwa. Ghala nalo linahitaji ulinzi: dumuzi, mdudu aliyeonekana mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, hushambulia makopa kama anavyoshambulia mahindi.

Kipi kitangulie

Lipo swali ambalo mipango ya chakula cha mifugo haiwezi kulikwepa. Muhogo ni kinga ya njaa kwa kaya nyingi, na kisamvu ni mboga. Kuhamisha mizizi kutoka sufuriani kwenda kwenye mabanda ya kuku kutaondoa ugomvi katika mahindi na kuuhamishia kwenye muhogo.

Jibu la busara liko katika mpangilio. Yanayotangulia ni maganda na majani ya siku ya kuvuna, kwa kuwa hayo hayampunguzii mtu chakula na kwa sasa hupotea. Yanafuata majani ya katikati ya msimu, yakichumwa kwa kiasi, kwani kuchuma mara kwa mara hupunguza ukubwa wa mizizi. Mizizi yenyewe iingie katika chakula cha mifugo pale penye ziada, katika maeneo ambayo uzalishaji umeongezeka kwa mbegu bora na soko la chakula limetosheka. Kwa mpangilio huo, mfugaji hupata nafuu na akiba ya kaya hubaki salama.

Wananchi wanaokusudia kuutumia muhogo kulisha mifugo wanashauriwa kuwaona maafisa ugani wa kilimo na mifugo katika kata na halmashauri zao ili kupata uwiano unaofaa kwa aina ya mnyama, umri wake na bei za eneo husika. Wanahimizwa pia kupanda pingili zisizo na magonjwa kutoka kwa wazalishaji waliosajiliwa, kutolisha majani au maganda mabichi, na kumwita mtaalamu wa mifugo mara moja mnyama anapoonesha dalili za kudhurika. Kwa kaya inayolima muhogo, hatua ya kwanza haihitaji mtaji mkubwa: ni kutandaza turubai siku ya kuvuna, na kuanika kile ambacho hadi sasa kilikuwa kikitupwa.